Siku Nilipopewa Mikia Yote

Walifika saa ya chai, vijana wa Dar es Salaam, wake kwa waume, wamevaa kofia ngumu na kaptura za kubana, wakaegemeza baiskeli zao kwenye ukuta wa mgahawa wangu hapa Mikumi bila kuuliza. Ningewafokea, maana ukuta ule nilikuwa nimeupaka rangi juzi tu, lakini binti mmoja aliniwahi kwa shikamoo ya kuinama kidogo, nikaona basi, hawa wamelelewa. Wakaagiza chapati, maharage na chai ya rangi, wakala kama watu waliotoka kulima. Baiskeli zenyewe hazina karia wala kengele. Binti akaniambia zimetengenezwa maalumu kwa barabara za changarawe, na kwamba wao likizo zao zote wanazimalizia milimani.

"Jana tulikuwa huku, mama," akanionyesha kwenye simu mstari mwekundu uliojikunjakunja. "Tulilala Kilosa, tukapanda mlima huu wa juu ya Munisagara hadi hapa, kwenye huu mwanya. Pazuri sana! Leo tumekuja na njia ya kile kijiji cha Ulaya."

Nikautazama huo mwanya wao. Kwenye kioo cha simu haukuzidi ukucha wa mtoto.

"Mlishukaje pale?" nikauliza.

"Breki tu, mama. Lakini vidole viliniuma, we!"

Wakati huo mwenzake alikuwa amechuchumaa anachomoa tawi bichi lililonasa kati ya tairi na fremu. Lilikuwa limesagwa njia nzima, gome limekuwa nyuzinyuzi. Akalitupa karibu na jiko langu, na joto la jiko likalipata. Harufu ilipopanda ikabidi nikae kwenye kreti la soda. Binti akauliza, "Mama, vipi?" Nikamwambia moshi umeniingia. Mimi si mtu wa kulialia mbele ya wateja.

Ninyi wa rika langu mliokulia chini ya milima ile hamhitaji kuelezwa. Ni harufu ya gome bichi likisagwa na mawe, imechanganyika na vumbi na mpira uliopata moto. Kwetu ilimaanisha jioni imekaribia na wanaume wanashuka. Nikiisikia nikiwa mtoto, mate yalinijaa mdomoni, kwa sababu baada yake kilifuata chakula.

Kwetu kulikuwa nje kidogo ya Munisagara, upande ambao mlima unaanza kuinuka. Wazazi wangu walikuja kutoka kanda ya ziwa kabla sijazaliwa, wakimfuata ndugu aliyewatangulia na kuwaambia huku kuna ardhi na mvua. Ng'ombe waliokuja nao walikufa au waligawanyika, sikumbuki vizuri, ila baiskeli ilibaki. Baba alikuja nayo kutoka Usukumani, nyeusi, nzito, ina maua ya plastiki kwenye usukani, vioo viwili na kipande cha mpira nyuma kilichochorwa simba. Majirani zetu Wasagara waliicheka sana. Walisema Msukuma anapamba baiskeli kuliko anavyompamba mke. Baba naye alicheka, akaendelea kuifuta kwa kitambaa kila Jumapili baada ya kanisa.

Kazi yake ilikuwa kufuata maharage na viazi kwa watu wa mlimani na kuvishusha hadi soko la Kilosa. Asubuhi wakiwa kundi walizisukuma baiskeli tupu kupanda, maana hakuna miguu ya binadamu inayoweza kukanyaga pedeli pale. Walipita kwenye mwanya ule, wakafunga mizigo upande wa pili, na alasiri wakarudi. Kushuka ndiko kulikokuwa kazi. Magunia mawili ya maharage yakianza kuteremka, breki za mpira zinayeyuka kabla hujafika kona ya kwanza. Kwa hiyo kila mtu alikata tawi kubwa lenye majani yake, akalifunga kwa kamba nyuma ya karia, likaburuzika ardhini na kuivuta baiskeli isikimbie. Tawi hilo waliliita mkia. Mtu aliyeshuka bila mkia walimwita mwendawazimu, na hawakumaanisha mzaha.

Mimi sikulijua hilo la breki. Niliona tu kwamba baada ya baba kupita, barabara ya vumbi ilibaki na mistari laini katikati, kama uwanja wetu mama alipomaliza kuufagia. Nikahitimisha kwamba baba ameajiriwa kuufagia mlima. Nililisema hilo shuleni kwa majivuno, na kwa kuwa wenzangu nao waliiona ile mistari, hakuna aliyebisha. Mama aliposikia alicheka hadi akaweka mchi chini. Baba hakucheka. Alisema, "Kweli kabisa. Na kazi hiyo mtu haiachi katikati."

Chini ya mlima palikuwa na kalavati, na pale ndipo mikia ilifunguliwa, kwa kuwa kuanzia hapo njia ni tambarare. Watoto tulikaa juu ya kalavati kila alasiri baada ya shule kungoja. Kila mkia ulikuwa kuni za nyumba ya aliyeushusha, na mtoto wake ndiye aliyeuburuza hadi nyumbani. Mkia wa mtu mwingine huugusi. Watoto ambao baba zao hawakuwa watu wa baiskeli walitutazama kwa wivu, wakaenda kuokota vijiti porini na mama zao.

Baba aliniita mayo, neno la kwetu la kumwita mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Akifika kwenye kalavati alishusha mguu mmoja, akafungua kamba na kuniambia, "Mayo, mkia wako huo."

"Umefagia vizuri leo, baba?"

"Nimefagia mpaka kona za juu kabisa. Kasoro pale kwenye jiwe la nyani, nyani wenyewe walikataa kunipisha."

Nyuma yake hakukosa kuwepo Rajabu. Rajabu alikuwa Msagara, rafiki yake na mtani wake, na utani wao haukuwa na likizo. "Msukuma, umeshuka na baiskeli au umeshuka na ng'ombe?" angeuliza. "Maana naona unaiongelesha njia nzima." Kisha angenigeukia mimi: "Na huyu binti nitamwoa kwa mahari ya jogoo mmoja tu, tena kilema." Nilikuwa nikimrushia vijiwe huku nacheka. Nilimpenda karibu sawa na baba.

Palikuwa na desturi moja zaidi kuhusu mikia, ambayo watu wazima waliijua na sisi watoto hatukuambiwa. Nyumba ya mtu wa baiskeli ikifiwa, mikia yote inayoshuka siku hiyo huenda kwenye nyumba hiyo. Hakuna anayepeleka wake kwake. Msiba unataka moto tangu saa ya kwanza, maji ya kuoshea, chai ya watu wanaomiminika, ugali wa wanaolala, na mfiwa hawezi kutumwa porini kutafuta kuni. Mama aliijua desturi hiyo, alikwisha kuiona ikifanyika kwa jirani. Mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Kisha mwaka mmoja likaja greda. Mnakumbuka furaha ya greda? Tulilikimbilia shule nzima, na mwalimu mwenyewe akatoka darasani kulitazama. Lilipanda mlima likinguruma, likakwangua vumbi na mashimo yote, na nyuma yake malori yakamwaga changarawe, mpya, za mviringo, za rangi ya maziwa na kijivu. Watu wazima walishangilia. Walisema sasa gari la wagonjwa litapanda, sasa watu wa mlimani hawatabeba wajawazito kwa machela. Sisi tulishangilia kwa sababu vile vijiwe ndivyo hasa vya kuchezea mdako. Baba aliniletea mfuko wa shati umejaa.

Lakini jioni ile ile nilimsikia akizungumza na mama jikoni. Alizungumza Kisukuma, kama kawaida yao jambo likiwa zito.

"Mkia haushiki tena," alisema. "Kwenye vumbi unakwaruza, unashika. Kwenye vile vijiwe unaelea tu. Na tairi nalo linaelea."

"Basi pumzika kwanza," mama alisema. "Mvua zikija zitavishindilia."

"Maharage ya watu yataozea huko juu. Nitashuka kwa miguu, nitaishika kwa mkono."

Mama akaendelea kuchochea moto. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akinyamaza ilikuwa vigumu kujua kama amekubali au amechoka. Nilielewa kwamba baba analalamika kuhusu kufagia, kwamba vijiwe havifagiki. Nilimwonea huruma. Nilipanga kumwambia aache tu, sasa barabara ni safi yenyewe.

Kuanzia hapo wanaume wote walishuka wakitembea, baiskeli ubavuni, mikono imeshika usukani na breki, mkia nyuma. Walichelewa. Tulikaa juu ya kalavati hadi jua likaanza kugusa vilele, na walipofika walikuwa hawana nguvu ya kutania. Hata Rajabu alisema tu, "Binti, jogoo bado yupo," akapita. Baba alikuwa na malengelenge viganjani. Mama aliyapaka mafuta ya nyonyo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, na hilo limenikera maisha yangu yote. Treni ilipita asubuhi ikapiga honi yake. Shuleni tuliimba. Nilikwenda kwenye kalavati na vijiwe vyangu vya mdako, nikawa nacheza na Zaina, binti mkubwa kidogo ambaye baba yake naye alikuwa mtu wa baiskeli. Walianza kutokea mapema kuliko siku zote, na nikafurahi.

Wa kwanza alikuwa baba yake Zaina. Alifungua mkia wake, Zaina akasimama kuupokea. Lakini yeye akampita binti yake, akauweka mbele ya miguu yangu.

"Huu wa kwenu," akaniambia.

"Baba bado hajashuka, shikamoo," nikasema, maneno yamepandana kwa mshangao.

"Marahaba. Huu wa kwenu, mwanangu."

Akaja wa pili, akafanya vilevile. Akaja mwingine, kijana ambaye hata hakunijua jina, akaweka mkia wake juu ya ile mingine, akavua kofia na kuivaa tena. Nilimtazama Zaina kuona kama amekasirika, nikaona anakunja ncha ya sketi yake. Nilidhani ni wivu. Rundo lilikua hadi likanifika kifuani. Mikia mikubwa, yenye magogo manene ya kuwaka usiku kucha, na majani ambayo bado hayajanyauka. Sijawahi kumiliki kitu kikubwa namna ile. Nilifikiri labda baba amechaguliwa kuwa mkubwa wao.

Rajabu alikuja mwisho. Suruali yake ilikuwa imechanika magoti na mikono yake ina udongo hadi kwenye viwiko. Nilimngoja aseme habari ya jogoo. Alifungua kamba akakosea fundo, akalirudia, na mkia wake akaulaza juu ya rundo taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Kaa hapa hapa," akaniambia. "Usiende popote. Sisi tunakwenda kwa balozi wa nyumba kumi mara moja, tutarudi hapa, twende wote kwenu. Umesikia?"

"Baba yuko wapi?"

"Yuko na wenzetu juu. Wanakuja naye."

Wakaondoka na baiskeli zao. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba walitaka jambo lifanywe kwa heshima yake, balozi atangulie, wamama watu wazima waitwe, mtu ashikwe kabla hajaambiwa. Ndivyo habari ile inavyopelekwa kwetu. Hawakufikiri kwamba mtoto aliyepewa utajiri wote ule hawezi kutulia nao. Mimi niliogopa watoto wengine wataniibia. Nikachagua mkia mkubwa kuliko yote, nikajifunga kamba yake kiunoni, nikamwambia Zaina anilindie iliyobaki. Zaina akasema, "Rajabu amekwambia ukae." Nikamwambia aache roho mbaya.

Nilikimbia. Tawi lilikuwa linarukaruka nyuma yangu likitimua vumbi, na nilipogeuka nikaona nimeacha mistari barabarani kama baba. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nikaanza kupiga kelele kabla sijafika uani.

"Mama! Mama, njoo uone! Wote wametupatia mikia yao!"

Mama alikuwa amekaa nje anapeta mahindi, mdogo wangu amelala mgongoni. Ungo ulikuwa hewani. Uliposhuka mikononi mwake haukupanda tena.

"Wametupatia nini?"

"Mikia! Baba yake Zaina, na yule kijana, na Rajabu. Wote! Ipo mingi, mama, haibebeki!"

"Wote?"

"Wote kabisa."

Alinitazama. Naweza kuuchora uso ule hata leo, na naapa haukubadilika. Kuna pumba zilikuwa zimemtua kwenye nyusi, hakuzifuta.

"Na baba yako?" akauliza.

"Bado yuko juu. Labda hajamaliza kufagia."

Mama akaweka ungo chini. Akakaza kanga iliyombeba mdogo wangu, akaikaza tena ingawa ilikuwa imekaza. Kuku walisogea wakaanza kula mahindi ya kwenye ungo na hakuwafukuza, nami nikawafukuza kwa niaba yake.

"Umefanya vizuri, mayo," akasema. Lile lilikuwa neno la baba. Yeye hakuwahi kuniita hivyo. "Hebu rudi ukalete mwingine."

"Nilete ule wa Rajabu?"

"Lete wowote unaoupenda. Usikimbie. Nenda taratibu."

Nikaenda taratibu, kama nilivyoambiwa. Niliimba wimbo tuliofundishwa asubuhi. Niliokota vijiwe vizuri viwili njiani. Kwenye kalavati Zaina alikuwa bado amekaa, na nilipomwambia mama amefurahi sana, akaanza kulia, nikamwacha na wivu wake. Niliuchukua mkia wa Rajabu. Njiani kurudi nilipanga jinsi baba atakavyofika nyumbani akute kuni zimejaa uwanja mzima, na jinsi nitakavyojifanya sijui zimetoka wapi.

Nilisikia sauti nilipofika kwenye kona ya mwisho. Sikujua mama ana sauti ile. Uwanja ulikuwa umejaa watu: balozi, Rajabu amekaa chini ameshika kichwa, wanawake wamevua viatu. Mama yake Zaina alikuja kunipokea mlangoni mwa uwanja. Alinifungua kamba kiunoni, akauchukua ule mkia, akauvunja matawi yake gotini papo hapo, akayaingiza kwenye moto ambao mtu alikwisha kuuwasha. Nikapiga kelele kwamba ni wangu, nimeuleta mimi. Hapo ndipo alipochuchumaa akanishika mashavu na kuniambia.

Walimleta jioni kwa machela, wamemfunika kwa mashuka ya watu wa mlimani. Rajabu ndiye aliyetusimulia. Baba hakuwa hata ameipanda baiskeli. Alikuwa anatembea ameishika, kama alivyosema atafanya, na kwenye kona ya korongo vijiwe vikaviringika chini ya miguu yake, baiskeli ikaanza kumvuta kuelekea korongoni. "Angeiachia tu," Rajabu alirudia mara nyingi. "Nilimwambia, iachie, iachie. Hakuiachia." Wakati wa maziko, kwa kuwa ni mtani, ilimpasa achekeshe watu. Alivaa kofia ya baba, akashika usukani ule wa maua ya plastiki ambao sasa ulikuwa umepinda, akafungua mdomo kuiga jinsi baba alivyokuwa akiiongelesha baiskeli yake. Hakikutoka kitu. Akaketi pale pale kwenye udongo mbichi na watu wakalia upya.

Kuni zile zilitosha msiba wote. Nilikunywa chai iliyopikwa kwa mikia niliyoiburuza kwa mikono yangu, na ilikuwa na sukari nyingi, na niliipenda, kisha nikachukia kwamba nimeipenda.

Baadaye mama alituhamishia huku Mikumi, akaanza kuwapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu, na mgahawa huu umetokana na sufuria zake. Tuliishi vizuri. Lakini kati yetu palikuwa na kitu. Nilipokua na kuelewa ile desturi ya mikia, nilielewa pia kwamba mama alijua tangu neno langu la kwanza. Alijua, na akanituma kuni. Niliiona picha ile kila nilipomwona akipanga kazi zake, mtu wa kutumia kila kitu, asiyepoteza hata maganda: mume wake amelala korongoni, wageni wanakuja, kuni zinahitajika, mtoto ana miguu. Nilimwona mgumu. Nilipozaa wanangu, na kuona jinsi nisivyoweza hata kumtuma mmoja dukani akiwa na mafua, nikamwona mgumu zaidi. Sikumwambia. Nilimheshimu, nilimtunza, nilimsalimu kila asubuhi, na kile kitu kikabaki pale pale.

Miezi yake ya mwisho alilala kwenye chumba cha nyuma ya mgahawa, kwa sababu alitaka kusikia sauti za vyombo. Siku moja mchana, wateja wamepungua, nilikuwa namkanda miguu ndipo swali likanitoka lenyewe.

"Mama, siku ile ya baba. Kwa nini ulinirudisha kwenye kalavati?"

Miguu yake ilikuwa myepesi mikononi mwangu.

"Ulikuwa unacheka," akasema.

Nikaacha kumkanda.

"Ulikuja unacheka, umejifunga kamba kiunoni. Nikajua saa hizi wanakuja na balozi wao, na wakishafika basi. Nikaona nikikutuma tena utacheka mpaka kule, na utacheka kurudi." Akavuta pumzi. "Nilikwambia uende taratibu, hukumbuki? Mimi nilikuwa nimeshafiwa. Wewe ulikuwa bado una baba, mpaka pale kwenye kona. Sikuwa na kitu kingine cha kukupa."

Kisha akasema ana kiu. Nilimwinua kichwa nikamnywesha maji, na mengine yakamwagikia shingoni, naye akayafuta mwenyewe kwa ncha ya kanga.